Hewa moto inapita wapi? Maswali yenu kuhusu vaporaiza za mezani

Mwezi huu nimeziweka barua za vaporaiza pamoja maana zinagusana. Kwa ambaye hajawahi kuiona, ni mashine ya umeme inayokaa mezani, unaweka majani makavu kwenye kikombe kidogo, hewa moto inapita katikati ya majani na kuyatoa mafuta yake kama mvuke bila majani kuungua, halafu mvuke huo unauvuta kwa bomba au unaingia kwenye mfuko unaojaa kama puto. Wengi wetu tumelelewa kwenye nyungu, blanketi kichwani na sufuria ya mwarobaini na mchaichai miguuni, kwa hiyo wazo lenyewe siyo geni. Tofauti ni kwamba nyungu ni maji, na maji yakichemka hayapiti nyuzi 100, wakati hii mashine inafika 200 na zaidi, na kwenye joto hilo chombo chenyewe nacho kinaweza kuanza kutoa vyake.

*Shikamoo. Nipo Hamburg, nafanya kazi ya kulea wazee. Nilinunua vaporaiza ya mezani ya mtumba, jioni nikirudi nafukizia kamomile na mikaratusi. Nimeitumia miezi minne sasa, ila ikipita nyuzi 180 inatoa harufu ya plastiki. Aliyeniuzia anasema ni kawaida, nitazoea. Ni kweli?*

Marahaba mwanangu. Hapana, siyo kawaida, na naomba usiiwashe kwanza mpaka umalize kusoma hapa.

Kuna harufu mbili ambazo watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ya mashine mpya, mafuta ya kiwandani yaliyobaki kwenye vyuma, vumbi la boksi, hiyo inatoka ukiiwasha tupu kwenye joto la juu kabisa dirisha likiwa wazi, mara mbili tatu nne inakwisha na hairudi tena. Ya pili ndiyo yako, mashine ni mtumba, umeshaitumia miezi minne na bado inanuka kila ikifika joto lilelile, hiyo maana yake kuna kitu ndani kinapata moto kuliko kilivyotengenezwa kuvumilia, kila siku kinapungua kidogo, na kile kinachopungua unakivuta wewe. Kuzoea harufu siyo dalili kwamba imeisha, pua ndiyo imechoka.

Sasa fanya hivi, chukua karatasi uchore njia ya hewa, kuanzia inapoingia mpaka mdomoni kwako. Inaanzia kwenye pampu au feni, inaenda kwenye heater, inapita kikombe cha majani, wavu, bomba, kidomo. Chochote kilicho nje ya njia hiyo sina shida nacho sana, gamba la nje likiwa la plastiki ya kawaida ni sawa ilimradi halipati moto. Chochote kilicho ndani ya njia hiyo, hasa baada ya heater, lazima ujue ni kitu gani, na usipojua uliza, na wasipokujibu rudisha.

Plastiki haziko sawa, hapo ndipo wengi wanadanganywa. ABS, ile ngumu ya magamba ya redio na TV, inaanza kulegea kwenye nyuzi 105 hivi. Polikaboneti inalegea kama 147. Ukikuta mojawapo karibu na heater ya nyuzi 200 hiyo mashine imeundwa vibaya, hakuna maelezo mengine. Lakini ipo PEEK, inayeyuka kwenye 343 na inafanya kazi muda mrefu mpaka 250 hivi, hiyo ni plastiki ya gharama kubwa na ukiikuta karibu na kikombe usiogope.

Kingine ambacho hakionekani kwa nje, mashine nyingi za bei ya chini zinavuta hewa kupitia tumboni mwao, yaani feni inanyonya hewa iliyopita juu ya bodi ya umeme, juu ya solda, juu ya gundi na rangi za waya, halafu hewa hiyohiyo ndiyo inapashwa moto na kupelekwa mdomoni. Solda ya zamani ya bati na risasi inayeyuka kwenye nyuzi 183. Ulaya walibana risasi kwenye vifaa vya umeme kuanzia Julai 2006, lakini mashine yako ni mtumba na hujui imetoka soko gani. Fundi mzuri wa umeme akiifungua dakika kumi tu atakuonyesha kama hewa ina njia yake iliyofungwa au inazurura humo ndani. Mimi hilo naliweka mbele kuliko mambo yote.

Kioo na vyuma sasa. Kioo cha borosilikati, kile cha maabara, ndicho ninachokipenda, hakitoi kitu kwenye joto hili na hakipasuki ovyo. Stenlesi 304 au 316 ni nzuri. Alumini inaogopwa sana na watu lakini kipande cha alumini kinayeyuka nyuzi 660, kwenye 200 hakigeuki mvuke, mimi ninachokiangalia ni kama kimepakwa rangi inayobanduka. Shaba ya manjano, ile ya koki za maji, mara nyingi inatiwa risasi ili ichongeke kirahisi, inaweza kufika asilimia 3, risasi hiyo haitaruka kama mvuke kwenye joto hili lakini kwenye kidomo unacholamba kila jioni mimi nisingeitaka. Na tafadhali wavu ukichakaa nunua wa stenlesi uliotengenezwa kwa kazi hiyo, nimeona watu wanakata wavu wa dirishani, ule wa mbu, ule umepakwa zinki au plastiki na haujatengenezwa kwa ajili ya moto wala mapafu.

Ulinganishe na mashine iliyofikiriwa vizuri. Huko huko Ujerumani, Tuttlingen, mji wa viwanda vya vifaa vya upasuaji, kampuni ya Storz & Bickel inatengeneza vaporaiza inayoitwa Volcano tangu 2000. Heater yake ni kipande kikubwa cha alumini, mfuko wake ni wa plastiki nyembamba inayovumilia joto, joto unalipanga kati ya 40 na 230, na pampu inasukuma hewa kwenye njia yake. Siwatangazii biashara, bei yake inauma, ila ukiiangalia unaelewa pesa imeenda wapi.

Kwa hiyo jaribu hivi. Toa bomba, toa kikombe, iwashe tupu mpaka 200 dirisha likiwa wazi, usiweke pua, pepea hewa kwa mkono ije kwako kidogo. Ikinuka hapo, tatizo liko ndani ya mashine na hiyo itupe, usimuuzie mwingine. Isiponuka rudisha kikombe, nusa, rudisha wavu, nusa, mwisho bomba. Mara nyingi anayepatikana na hatia ni bomba, maana mwenye mashine wa kwanza likipasuka anaenda dukani ananunua bomba laini la PVC la maji ya akwarium. PVC inalainishwa kwa kemikali zinazoitwa ftaleti, na joto linazitoa. Weka la silikoni nzuri au la kioo, uone kama harufu inabaki.

Halafu mikaratusi haihitaji 180 dada. Mafuta yake yanatoka kwenye 130 hivi, lavenda ni hivyohivyo, kamomile ndiyo inataka 190. Ukianza na mikaratusi chini kisha ukapandisha, unapata vyote na mashine inapumzika.

*Niko Toronto. Nimeona moja mtandaoni dola 60, wameandika silikoni ya chakula, ina CE, na heater ya seramiki asilia. Mke wangu anasema kama inafaa chakula inafaa kuvuta. Tuichukue?*

Msalimie shemeji, hoja yake ina akili kabisa, na ndiyo maana wauzaji wanaitumia, lakini naomba nipinge kwa heshima.

Kinachopimwa kwenye chombo cha chakula ni kiasi gani cha kemikali kinahamia kwenye chakula. Chakula kinaenda tumboni, kinapita ini, mwili una nafasi ya kukichuja. Mapafu hayana mlinzi wa namna hiyo, ni ngozi nyembamba sana yenye eneo la karibu mita za mraba 70 na damu iko upande wa pili, kilichoingia kimeingia. Ndiyo maana kuna kipimo kingine kabisa kwa vifaa vya kupumulia hospitalini, ISO 18562, kilitoka 2017, kinaangalia mambo mawili yanayotuhusu, vumbi linalotoka kwenye kifaa na gesi zinazotoka kwenye vifaa vyake. Ukikuta mtengenezaji anakitaja hicho na anaweza kukupa karatasi, huyo anaongea lugha ya mapafu. Anayesema ya chakula tu anakuambia kitu cha kweli kuhusu swali ambalo hujamuuliza.

Silikoni yenyewe siyo mbaya, isieleweke hivyo. Ila silikoni ambayo haikumaliziwa kuokwa kiwandani inabaki na molekuli ndogondogo ndani yake, siloksani, zinaitwa D4, D5, D6, na Umoja wa Ulaya ulizitia kwenye orodha ya kemikali za wasiwasi mkubwa 2018. Taasisi ya Ujerumani ya usalama wa chakula, BfR, inataka silikoni ikikaa nyuzi 200 kwa saa 4 isipoteze zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito. Viwanda makini vinafanya hivyo hivyo kabla ya kuuza, vinaioka saa kadhaa ili hizo molekuli ziishie kiwandani. Viwanda vya haraka haviioki, kwa hiyo inaokwa na wewe, kidogo kidogo, mdomoni. Uliza silikoni imegandishwa kiwandani kwa platinamu au kwa peroksaidi, ya platinamu ndiyo unayoitaka. Kuna watu wanaivuta silikoni waone kama inakuwa nyeupe, ikiwa nyeupe wanasema ni feki, hicho kipimo cha vidole usikitegemee maana rangi na unene vinabadilisha jibu.

CE ni alama ya Ulaya, kwa vifaa vingi vya namna hii mtengenezaji anajiwekea mwenyewe, na mara nyingi inahusu umeme, kwamba hautakupiga shoti. Ni muhimu, lakini haisemi lolote kuhusu unachovuta. Na wewe uko Kanada, angalia kama kuna alama ya CSA au UL, mashirika yanayopima usalama wa umeme, bila hiyo usilale ukiiacha kwenye plagi.

Seramiki asilia ni neno zuri tu. Chungu ni seramiki, kigae cha choo ni seramiki. Alumina, seramiki ya oksidi ya alumini, ikiwa safi na imechomwa vizuri ni salama sana. Lakini heater nyingine zimezungushiwa pamba nyeupe ya kuzuia joto isitoke, nyuzi za seramiki, na hizo nyuzi IARC, shirika la utafiti wa saratani, wameziweka kundi 2B, yaani huenda zinasababisha saratani. Pamba ikiwa imefungiwa nje ya njia ya hewa ni sawa, ikiwa hewa inaipitia siyo sawa. Tusidharau haya, Marekani hata drayer za nywele zilikuwa na asbestosi ndani yake, watu wanajipulizia kichwani, mpaka 1979 ndipo zikaanza kurudishwa.

Dola 60, bila jina la mtengenezaji, bila orodha ya vifaa? Mimi singeichukua. Mwandikieni muuzaji swali moja tu, kuanzia heater mpaka mdomoni hewa inagusa nini na nini. Mwenye jibu atajibu kwa mistari mitatu.

*Mwalimu, dada yangu wa Kanada kaniletea mashine yake hapa Dar. Nikibadilisha plagi tu si itatosha?*

Usifanye hivyo kabisa. Kanada umeme ni volti 120, sisi 230. Heater ikipewa volti karibu mara mbili nguvu yake haiongezeki mara mbili, inaongezeka karibu mara nne, mashine ya wati 200 inataka kuvuta wati 700 na kitu. Ukiwa na bahati fyuzi inakatika. Usipokuwa nayo, na hili ndilo linaloniogopesha, heater inawaka kwa dakika kadhaa kwenye joto ambalo hakuna sili wala gundi wala plastiki ya mle ndani iliyopimwa, baadaye inapoa inaonekana nzima, na unaendelea kuivuta.

Angalia kibandiko cha chini. Kikisema 100 mpaka 240 sawa, badilisha plagi. Kikisema 120 peke yake tafuta transfoma ya kushusha umeme, ya kweli, nzito, yenye wati zaidi ya za mashine, siyo vile vidude vyepesi vya wasafiri. Na hata hapo kama pampu yake inategemea mzunguko wa umeme itaenda polepole maana kwao ni mizunguko 60 kwa sekunde, kwetu 50, hewa inapungua na majani yanapata moto zaidi ya namba inayoonekana, kwa hiyo anza nyuzi 20 chini. Kama ilishachomekwa kwenye 230 hata mara moja, mwambie dada ukweli, msiitumie.

*Mimi naishi Mascat, natumia chetezo cha umeme kwa udi na ubani. Sahani yake nyeusi imeandikwa Teflon. Ndani kuna kasuku wa baba. Kuna ubaya?*

Kasuku mtoe kwenye hicho chumba leo hii.

Teflon inavumilia mpaka 260, ikizidi inaanza kuchakaa, na ikipandishwa zaidi, kwenye 350 hivi, inatoa gesi ambayo binadamu inampa homa kama ya mafua na ndege inamuua, tena haraka. Mapafu ya ndege hewa inapita upande mmoja bila kurudi, anachukua kila kilichomo kuliko sisi. Vyetezo vingi vya umeme havina kidhibiti joto cha maana, ni waya na sahani, ukisahau udi umeisha sahani inaendelea kupanda. Sahani ya stenlesi au ya udongo uliochomwa bila rangi ndiyo nzuri. Baadhi ya vyetezo ndani kuna vipande vya ulanga, yale mawe yanayomenyeka kama karatasi, hayo hayana neno, yanavumilia sana, mradi hayajavunjika unga.

Bibi zetu walitumia mkaa kwenye chetezo cha udongo na udongo ule hauna siri, ila mkaa unatoa kaboni monoksaidi, na vile vidonge vya mkaa vya kuwaka haraka vimetiwa chumvi ya kuwashia, kwa hiyo kwa nyumba za AC zilizofungwa madirisha cha umeme ni bora, kikiwa cha vifaa sawa. Fungua dirisha, fukiza, zima. Hata udi safi ukiungua ni moshi, ndege haupendi.

*Nasafisha kwa spirit, ni sawa?*

Kwenye kioo na stenlesi ndiyo, spirit kali ya isopropili asilimia 90 na kuendelea, chomoa plagi kwanza. Kwenye kidomo cha akriliki hapana, inakipasua nyufa ndogo ambazo huzioni na uchafu unakaa humo, hicho kioshe na maji ya uvuguvugu na sabuni. Halafu acha vikauke kabisa, usiku mzima, maana spirit hiyo inatoa mvuke unaoshika moto hata kwenye joto la chumbani, heater ikiwaka na mabaki yako ndani ni hatari. Kikombe kikibaki na masizi meusi yasiyotoka, hiyo siyo kazi ya spirit, hiyo ni dalili kwamba majani yalikuwa yanaungua, shusha joto.

*Niko Berlin, daktari ameniandikia bangi kwa maumivu ya mishipa na akasema nitumie vaporaiza badala ya kuvuta. Mama yangu Tanga akisikia atalia. Kweli ni salama zaidi au ni maneno?*

Pole sana kwa maumivu, na mama mwambie taratibu, aelewe kwanza unavyoumwa ndipo umtajie dawa.

Siyo maneno. Majani yakiungua yanatoa kaboni monoksaidi na lami, yakipashwa bila kuungua hayatoi kiasi hicho. 2007 timu ya daktari mtafiti Donald Abrams, San Francisco, iliwalinganisha watu waliovuta sigara ya bangi na waliotumia Volcano, dawa mwilini ilikuwa karibu sawa, lakini kaboni monoksaidi kwenye pumzi ya wa mashine haikupanda kama ya wavutaji. Ujerumani daktari anaruhusiwa kuiandika tangu 2017. Hiyo haina maana mvuke hauna madhara, ni kwamba una madhara machache kuliko moshi, na hapo ndipo vifaa vya mashine vinapohusika zaidi kwako kuliko kwa huyu wa kamomile, maana wewe utaivuta kila siku, labda miaka. Mpe mama yako pia hili, wale waliojaa hospitali za Marekani 2019 kwa mapafu walikuwa wanavuta mafuta ya vikopo vya sigara za umeme, mengi yalichanganywa vitamini E asetati, siyo majani makavu kwenye mashine ya mezani.

Kwa hiyo wewe usichukue mtumba. Volcano ina toleo la kidaktari, muulize daktari na bima yako kama wanasaidia gharama, wakati mwingine inawezekana. Badilisha mfuko na wavu kwa ratiba ya kitabu chake, usingoje vichafuke. Usipite 210 bila ushauri wa daktari wako.

Na ukija Tanga kumwona mama iache mashine Berlin, hata ikiwa imeoshwa. Mabaki kidogo kwenye wavu yanatosha kukuweka matatani, bangi Tanzania ni kosa hata ukiwa na cheti cha Ujerumani, na Kenya vilevile ukipitia Nairobi. Ongea na daktari wiki kadhaa kabla ya safari akupangie dawa nyingine ya siku hizo.